Mkasi wa Bunia na Reli za Warusi

Bunia ina milango mitatu ya nchi kavu, na mama yeyote anayeuza sukari sokoni atakutajia bila kufikiri. Kaskazini ni barabara ya Djugu na Mahagi, inayokwenda kutokea mpaka wa Uganda. Kusini-magharibi ni ya Komanda, kilomita kama 75, na hapo Komanda njia inagawanyika: huku Mambasa na Kisangani, huku Beni na Butembo. Mashariki ni ya Kasenyi, inayoteremka hadi Ziwa Albert, ambako maboti ya kutoka Uganda yanashusha mizigo. Mlango mmoja ukifungwa, bei inapanda. Miwili ikifungwa, watu wanaanza kuulizana nani ana akiba. Yote mitatu ikifungwa, mji unabaki kulishwa na ndege, na kwa bei ya ndege si kila nyumba inayokula.

Mimi ni mpiga foto. Sukari nainunua kama wengine. Naanza na barabara kwa makusudi. Kazi inayoniletea wateja wengi siku hizi ni kutosha fondi, yaani kumtoa mtu kwenye ukuta, pazia au umati aliopigwa nao, na kumweka penye weupe mtupu au penye bustani ya kubuni. Kompyuta huimaliza kazi hiyo kufumba na kufumbua. Na hesabu iliyoifundisha kompyuta kukata hivyo haikutungwa na wapiga foto. Ilitungwa kujibu swali ambalo Bunia inalijua vizuri mno: ukitaka kuitenga nchi na mahitaji yake, ukate njia zipi ili kazi iishe kwa gharama ndogo?

Foto ilifika Ituri, jimbo letu, kabla Bunia haijawa mji wa maana. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho ya historia asilia la New York, walizunguka kaskazini-mashariki mwa Kongo, na Lang alipiga foto zinazokaribia 10,000. Foto ya enzi hiyo ilikuwa ya kupigwa na kupelekwa. Biashara ambayo mwenye sura ndiye anayelipa na kuondoka na sura yake ilikuja baadaye, ikifuata vitambulisho, shule za misheni na mishahara ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na studio ya chumba kimoja Nyakasanza, mtaa wa hapa Bunia, miaka ya mwisho ya Zaire. Droo yake ilikuwa na mkasi mdogo wa fundi cherehani, nyembe ambazo sote tuliziita zileti, penseli laini, na kopo la gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Mteja alipotaka kuonekana yuko Ulaya, Mzee alimpiga mbele ya shuka, akaisafisha foto, akaikausha, kisha akamkata. Mkono wake wa kulia ulitulia kabisa, mkasi ukifunguka na kufunga pahali pamoja. Kilichozunguka ni foto, ikisukumwa polepole na vidole vya mkono wa kushoto. “Usifukuze mutu na mukasi,” alikuwa akiniambia. “Mulete.” Alikata ndani kidogo ya mstari wa mwili, upana wa unywele, ili shuka lisibaki hata chembe. Kisha alipitisha penseli kwenye ukingo wa karatasi, kwa sababu karatasi iliyokatwa ina unene, na unene huo ukipigwa foto mara ya pili unatokea kama uzi mweupe unaomzunguka mtu. Mwisho alimbandika juu ya picha ya kalenda, ziwa la Uswisi au ndege ya Sabena, na kuipiga yote upya. Watu ambao hawakuwahi kwenda mbali kuliko mto Shari walirudi nyumbani wakiwa wamesimama kwenye ngazi ya ndege.

Kichwa ndicho kilichomsumbua. Shati lina mstari, suruali ina mstari, lakini nywele hazina. Mama aliyesuka nywele za kusimama, zile ncha zilizofungwa kwa uzi mweusi, alimlazimisha Mzee kuchagua: akate ncha moja moja kwa zileti, kazi ya jioni nzima, au azungushe mkasi na kumnyoa mteja. Mara nyingi alizungusha, kisha akazichora ncha upya kwa penseli juu ya picha ya kalenda. Ukizitazama foto hizo leo utaona nywele za mama zimenyooka kuliko zilivyokuwa, zote unene mmoja, kwa sababu ni za penseli.

Hatukuwa peke yetu katika ufundi huu. Kule Lamu, Omar Said Bakor alifungua studio yake miaka ya 1960 na kuwa bingwa wa kukata na kubandika, akiwapachika wateja ndani ya maumbo na mandhari ambamo miili yao haikuwahi kuwamo. Mombasa, penye kivuko cha Likoni, miaka ya 1990 wapiga foto walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na maghorofa, hadi ghasia za Agosti 1997 zilipowatawanya wengi wao. Tofauti ya Likoni na sisi ni kwamba wao waliileta fondi kwa mtu, nasi tulimpeleka mtu kwa fondi. Mimi naona njia yetu ilikuwa ngumu zaidi, ingawa watu wa Mombasa wana haki ya kunibishia.

Filamu za rangi ziliharibu kidogo heshima ya mkasi. Kwanza hatukuwa na maabara ya kuzisafisha. Roli zilisafiri hadi Kampala na kurudi, na ukikata foto ya rangi vibaya unasubiri safari nyingine. Pili, rangi zenyewe hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa miaka mingi maabara zilipima rangi za Kodak kwa kadi zenye sura ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley. Uso mweusi mbele ya pazia jeusi ulitoka macho na meno. Mzee alitundika bati lililong'arishwa upande wa dirisha ili limrushie mteja mwanga shavuni. Bati lile lilinifundisha jambo ambalo mashine zilikuja kulithibitisha: kumkata mtu kunaanza kabla ya kumpiga. Kama hakuna tofauti kati ya shavu na pazia, hakuna mkasi utakaoipata.

Kisha vita. Jeshi la Uganda liliingia Bunia 1998 na kuondoka mwanzoni mwa Mei 2003, na wiki zilizofuata mji uligeuka uwanja wa mapigano. Watu kwa maelfu walikimbilia kando ya uwanja wa ndege na kwenye lango la kambi ya Umoja wa Mataifa. Mwezi Juni kikafika kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Wafaransa, operesheni iliyoitwa Artemis, kikakaa hadi Septemba. Studio ya Mzee ilibakia kuta nne. Kamera zilikwenda, shuka lilikwenda, hata kopo la gundi lilikwenda. Lakini hasara iliyotuonekania baadaye ilikuwa nyingine. Nyumba zilizochomwa Bunia na vijijini ziliteketea na albamu zake. Familia nyingi zilitoka vitani zikiwa na foto moja tu ya mtu waliyempoteza, na foto hiyo mara nyingi haikuwa yake peke yake: ilikuwa ya ndoa, ya ubatizo, ya timu ya mpira, ya darasa la sita.

Hapo mkasi ukabadili kazi. Zamani ulimpeleka mtu kwenye ndege. Sasa ulimtoa marehemu katikati ya wageni wa harusi, akuzwe, awekwe fremu kwa ajili ya matanga. Kazi hiyo sikuifanya kwa zileti hata mara moja. Foto ikiwa moja tu duniani, hukati karatasi.

Mwaka 2005 ulikuja uandikishaji wa wapiga kura. Tuliona meza, kompyuta ya mkononi, kamera ndogo, kifaa cha alama za vidole na mashine inayotapika kadi palepale. Kwa kuwa nchi haikuwa na kitambulisho cha taifa, kadi hiyo ya elekta ndiyo ikawa kitambulisho cha kila kitu, benki, njiani na polisi. Wapiga foto wengi walinung'unika kwamba serikali inawanyang'anya foto za vitambulisho. Kweli ilizipunguza. Lakini ilifanya na jambo la pili: kila mtu mzima wa Bunia alijiona kwenye skrini kabla ya kujiona kwenye karatasi, na baada ya hapo hakuna aliyekubali tena kusubiri roli irudi kutoka Kampala. Nilinunua kamera ya kidijitali iliyotumika, skana, na kompyuta iliyokuwa na programu ya Photoshop ambayo sitasimulia ilivyoingia humo. Nikawa nakata kwa kipanya, nikibofya nukta baada ya nukta kuzunguka sikio, jenereta ikinguruma nje na kila lita ya mafuta ikihesabiwa.

Binti yangu ndiye aliyenionyesha njia nyingine. Alikuwa anasoma informatiki, na likizo moja aliweka kwenye kompyuta ya studio OpenCV, mkusanyo mkubwa wa programu za kuchakata picha ulioanzishwa na kampuni ya Intel mwaka 1999 na ambao yeyote anaruhusiwa kuutumia bure. Ndani yake mna kazi iitwayo GrabCut. Alifungua foto ya mteja, akavuta mstatili mmoja kumzunguka mtu, akabonyeza. Fondi ikaondoka. Sikupendezwa. Nilimuuliza, kama mzazi yeyote anayemlipia mtoto masomo: “Imejuaje?” Alinipa karatasi za kusoma, na nikazisoma, kwa sababu mtu aliyekata watu kwa mkono miaka yote hiyo hawezi kukubali kushindwa na kitu ambacho hakijui kinafanyaje.

Mwaka 1955, Santa Monica, California. Shirika la RAND, lililofanya utafiti kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani, lilikuwa na mwanahisabati aitwaye T. E. Harris. Yeye na jenerali mstaafu F. S. Ross waliandika ripoti ya siri kuhusu reli za Umoja wa Kisovyeti na Ulaya ya Mashariki. Walizichora kama mtandao wa vituo 44 na njia 105, kila njia ikiandikwa uwezo wake wa kubeba. Wakauliza: mzigo mwingi kupita wote unaoweza kutoka Urusi hadi Ulaya ya Mashariki ni kiasi gani? Jibu lilikuwa tani 163,000. Wakauliza upande wa pili: ni njia zipi zikikatwa hakitapita kitu, huku jumla ya uwezo wa njia hizo ikiwa ndogo kuliko ya mkato mwingine wowote? Jumla ikatoka tani 163,000. Namba ileile. Wenzao wa hapohapo RAND, Lester Ford na Delbert Fulkerson, walithibitisha kwamba hiyo haikuwa bahati: katika mtandao wowote, mzigo mkubwa kabisa unaoweza kupita ni sawasawa na mkato mdogo kabisa unaoweza kuuzuia. Makala yao ilichapishwa 1956 katika jarida la hisabati la Kanada. Ripoti ya reli ilibaki siri hadi 1999, ilipofunguliwa kwa ombi la Alexander Schrijver, mwanahisabati Mholanzi aliyekuwa akiandika historia ya hesabu hizi.

Mtu wa Bunia hahitaji kufafanuliwa kanuni hiyo. Waliofunga barabara za Ituri hawakusoma Ford na Fulkerson, lakini hakuna hata mmoja wao asiyeijua Komanda.

Kutoka reli hadi sura ya mtu kulichukua zaidi ya miaka 30. Waliovuka kwanza ni watafiti watatu wa Uingereza, Greig, Porteous na Seheult, katika makala ya 1989 iliyoonyesha kwamba picha ya nyeusi na nyeupe iliyojaa chengachenga inaweza kusafishwa kwa kutafuta mkato mdogo kabisa. Watu wa picha hawakuichangamkia kwa miaka kama kumi. Mwaka 2001 Yuri Boykov na Marie-Pierre Jolly, waliofanya kazi katika maabara ya Siemens huko Princeton, walionyesha namna ya kumkata mtu au kiungo kwa mtumiaji kupaka mistari michache tu: hii ni ya kitu, hii ni ya fondi, iliyobaki hesabu itafute. Siemens walikuwa na macho kwenye picha za hospitali, si studio. Mwaka 2004 watafiti wa Microsoft kule Cambridge, Carsten Rother, Vladimir Kolmogorov na Andrew Blake, wakaipunguza kazi ya mtumiaji hadi mstatili mmoja. Hiyo ndiyo GrabCut, na ndiyo iliyoingia katika Office ya 2010 kama kitufe cha kuondoa fondi.

Sasa ione kwa karibu. Chukua foto ya pasipoti, milimita 35 kwa 45. Ikichapwa kwa doti 300 kwa inchi, ina doti 413 upana na 531 urefu. Zote pamoja ni 219,303. Kila doti ni kituo. Kila kituo kina barabara ya kwenda kwa jirani wa juu, wa chini, wa kushoto na wa kulia, na ukizihesabu barabara hizo zinafika 437,662. Jenerali Ross alikuwa na 105. Halafu vinaongezwa vituo viwili visivyoonekana kwenye foto, kimoja cha Mtu na kimoja cha Fondi, na kila doti inaunganishwa na vyote viwili. Doti mbili jirani zikifanana rangi, barabara kati yao ni pana na kuikata ni ghali. Zikitofautiana sana, barabara ni nyembamba na kuikata ni rahisi. Kisha kompyuta inaulizwa swali la Santa Monica: mtenge Mtu na Fondi kwa mkato wa bei ndogo kuliko yote. Mkato unateleza penye barabara nyembamba, na barabara nyembamba ziko ukingoni mwa shavu, penye kola ya shati, kwenye bega linalokutana na ukuta. Ndipo Mzee alipopitisha mkasi.

Tatizo lilikuwa kasi. Njia za kukokotoa zilizokuwapo zilitosha kwa reli, lakini vituo laki mbili ni shughuli nyingine. Boykov na Kolmogorov walichapisha 2004 njia iliyowalenga watu wa picha hasa. Inaotesha miti miwili, mmoja kutoka kwa Mtu na mmoja kutoka kwa Fondi. Matawi yakikutana, njia imepatikana na mzigo unapitishwa hadi barabara iliyo nyembamba kuliko zote ijae. Barabara ikijaa, tawi linakatika, na vituo vilivyokuwa nyuma yake vinabaki bila mzazi. Wenyewe waliviita yatima. Badala ya kuanza upya, programu inapita ikitafutia kila yatima mzazi mwingine ndani ya mti uleule. Asiyepata anaachwa huru, na kazi inaendelea. Nilisoma hatua hiyo polepole. Sisi tulioishi Bunia mwaka 2003 tunajua ni wangapi walipata mzazi mwingine na wangapi waliachwa.

Kolmogorov aliigeuza njia hiyo kuwa maktaba ya programu, yaani mafaili ya lugha ya C++ ambayo mwandishi mwingine wa programu anaweza kuyaita bila kuandika hesabu upya. Faili la maelezo linaloambatana nayo linasema waziwazi kwamba njia yenyewe ilibuniwa Siemens, na kwamba ili umma uweze kuitumia, yeye aliiandika upya akitegemea makala zilizokwisha kuchapishwa. Mstari huo nimeupenda. Ni mtu aliyeacha mkasi kazini kwa mwajiri, akaenda nyumbani na kufua mwingine kutokana na yale aliyoruhusiwa kusema hadharani. Bila watu wa namna hiyo, studio ya chumba kimoja Ituri ingekuwa bado inabofya nukta kuzunguka sikio.

Mashine hii ina udhaifu wake, na ni uleule wa Mzee. Kwa sababu inatafuta mkato wa bei ndogo, inapenda mkato mfupi. Kitu chembamba kirefu kina ukingo mrefu, kwa hiyo ni ghali kukizunguka. Ni nafuu kukikata shinani na kukitupa. Fimbo ya mzee inapotea. Ncha za nywele za kusuka zinapotea. Kidole cha mtoto anayeonyesha kitu kinakatwa. Wataalamu wanaujua vizuri udhaifu huu, nami naujua kwa wateja: mama anashika foto, anatazama kichwa chake, anauliza nani amemnyoa. Dawa ni kupaka mistari kwa mkono juu ya kila ncha, kuiambia kompyuta kwamba hii nayo ni ya Mtu. Na pazia jeusi nililokuwa nalo nimelifanya foronya. Sasa natundika kitambaa cha bluu iliyopauka. Bati la Mzee lingenifaa mpaka leo.

Siku hizi simu za vijana zinatosha fondi bila mstatili wala mistari, kwa mitandao ya neva iliyolishwa mamilioni ya picha. Ni kweli zinakata nywele vizuri zaidi. Lakini ukiuliza zimejuaje, hakuna karatasi ya kukupa inayoeleza kama ile ya vituo na barabara.

Wa matanga bado wanakuja. Mama mmoja aliniletea foto ya harusi yenye watu zaidi ya ishirini kwenye ngazi za kanisa, imekunjwa mara nne, akaweka kidole juu ya kijana wa mstari wa pili. “Papa, unitoshee huyu peke yake.” Niliiskani, nikavuta mstatili. Watu wa pembeni walikwenda, ngazi zilikwenda, lakini begani mwa kijana ulibaki mkono wa mtu aliyesimama nyuma yake. Ni jambo la hesabu tu: rangi ya mkono ni rangi ya shingo, na mpaka kati ya ngozi na ngozi ni barabara pana. Nilishika kipanya ili niuondoe. Mama akasema, “Uache. Ile mukono ni ya dada yake.” Fremu ilitoka na vidole vinne begani. Wengine wanataka mkono utoke, nami nautoa na kulichora bega upya kwa kunakili kitambaa cha bega la pili. Bei ni ileile.

Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, huko Den Haag, ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, na ilihusu kwetu: Thomas Lubanga, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji hapa Ituri, alitiwa hatiani kwa kuandikisha na kutumia vitani watoto walio chini ya miaka 15. Kati ya ushahidi ambao majaji waliuegemea ni video ya tarehe 12 Februari 2003, iliyopigwa katika kambi ya mafunzo ya Rwampara, nje kidogo ya Bunia, Lubanga alipoitembelea. Majaji waliwatazama waliokuwa kambini humo na kuona kwamba baadhi yao walikuwa watoto wasiotimiza umri huo. Angekuja mteja kwangu na picha kutoka video hiyo akitaka kiongozi peke yake kwenye weupe, GrabCut ingemkata safi, na mbele yetu angesimama mtu anayezungumza, basi. Kilichotoa ushahidi ni fondi.

Kwa hiyo kila anayeniletea foto ya kukatwa namwambia maneno haya, nawe msomaji nakuambia. Usiiache foto yako studio hata kwa saa moja baada ya kuskaniwa. Usikubali mtu aipitishe mkasi, hata awe fundi gani. Omba upewe faili la foto nzima pamoja na lile lililokatwa, na utume moja kwa ndugu anayeishi mbali. Kisha igeuze ile ya karatasi, uandike nyuma jina la kila mtu unayemkumbuka, mahali na mwaka, kwa penseli laini; wino wa biki hupenya karatasi na baada ya miaka hutokea usoni mwa watu.